Ukuta Tulioupaka Chokaa

Tra-ta-ta, kimya, halafu tra-ta. Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Upepo wa Dodoma ukianza, ule mkavu wa mwezi wa saba unaokuachia vumbi mpaka kwenye meno, mabamba ya ukuta wetu yalikuwa yanagonga kama mtu anayepiga meza kwa vidole huku anawaza mambo yake. Nililala na sauti hiyo, nikaamka nayo, nikajisomea mtihani wa kidato cha nne nikiisikia. Mtihani wenyewe haukwenda vizuri, lakini sitayasingizia mabamba.

Jengo letu lilikuwa la serikali, la zamani, ghorofa tatu, ngazi mbili, na nyuma kuna uwanja wa udongo mwekundu wenye kamba za kuanikia nguo. Mimi na mama tulikaa chumba na sebule, ghorofa ya kwanza. Kuta za nje zilikuwa zimefunikwa kwa mabamba ya kijivu, yamepigiliwa kwenye mbao tangu enzi ambazo hakuna mkazi aliyezikumbuka vizuri. Yalikuwa ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Neno hilo asbesto tulikuwa hatulijui. Sisi tuliyaita mabamba tu, na tuliyapenda, kwa sababu asubuhi yalikuwa baridi ukiegemea mgongo, na jioni yanatoa joto taratibu kama mtu aliyeshiba.

Upande wa magharibi, pale ambapo kivuli cha jengo hukaa mpaka saa nne, ndipo mama alipokuwa anauza uji. Jiko moja la mkaa, mabenchi mawili, ndoo ya kuoshea vikombe, basi. Uji wa ulezi, na chapati kwa mwenye uwezo. Wateja wake walikuwa makarani na wahudumu wanaowahi kazini Mtumba kwenye maofisi mapya. Walikuwa wanakunywa wamesimama, wanapuliza, wanaangalia saa. Mama alikuwa anawatania.

"Mnaenda kuendesha nchi na matumbo matupu? Ndiyo maana mafaili yanapotea."

"Mama, faili halipotei, linatafutwa."

"Na wewe kaa chini utafutwe. Chapati hailiwi ukiwa umesimama."

Na mtu anakaa kweli, anachelewa, anacheka. Nilikuwa nakaa ngazini na daftari langu, nachora nyumba. Nyumba za ghorofa zenye miti juu ya paa, nyumba zenye madirisha ya duara, nyumba ya mama yenye jiko kubwa kama darasa. Sikuwa na rula. Nilikuwa natumia ukingo wa bamba lililochomoza, limenyooka vizuri sana. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa wapi, nitakuonyesha pale.

Bamba lilianguka siku ya Jumapili, mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Mama alikuwa kanisani. Mimi nilikuwa juu naosha vyombo, nikasikia kishindo kimoja kizito, halafu vumbi likapanda mpaka dirishani. Nilipochungulia niliona bamba zima limelala vipande vipande juu ya benchi la mama. Benchi lilikuwa limekatika katikati.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama mmoja mtu wa Busi kule Kondoa, alishuka na kanga begani, akaangalia, akaniangalia mimi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kanisani."

"Basi asije akaacha kwenda."

Yeye ni Mwislamu, na alisema hivyo bila kucheka. Tulisimama pale wawili mpaka mama alipotokea na Biblia yake kwenye mkoba. Mama aliinama. Aliokota kikombe kimoja kizima, akakifuta kwa gauni lake la kanisani, akapanda juu.

Jumatatu alikuja ofisa wa jiji na utepe, ule mwekundu na mweupe. Aliuzungusha upande wote wa magharibi, kuanzia kona mpaka kona, akaufunga kwenye nondo. Alikuwa kijana mpole, anaona aibu kumfukuza mtu mzima.

"Shikamoo mama. Hapa hapakaliki tena mpaka ukuta ubadilishwe."

"Marahaba baba. Utabadilishwa lini?"

"Serikali imetenga fungu la kubadilisha mabamba haya kwenye majengo yote ya zamani. Lakini fungu halitoshi kwa mara moja. Watakuja wakaguzi, majengo mabaya zaidi ndiyo yataanza."

Ninamkumbuka mama alivyopanda ngazi siku ile. Alikuwa anatabasamu.

"Mwanangu, tuna bahati," akasema. "Jengo letu ni baya sana."

Kwa hiyo tukawasubiri wakaguzi kama watu wanavyosubiri mvua. Mama alianza kuzunguka na chupa mbili za chai, kikapu cha vikombe kichwani, anauza uji mpaka karibu na stendi. Alikuwa anaondoka kumi na moja alfajiri, anarudi saa tano, miguu imevimba. Alikuwa anaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi, ananiambia ni kwa muda tu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kazi kwenye duka la steshenari, kutoa fotokopi na kuchapa barua, na nilikuwa naomba niwahi kurudi ili nimkande.

Sasa nieleze kuhusu mwenyekiti wetu wa jengo, maana bila yeye haya yote yasingetokea. Alikuwa mzee mstaafu, Mgogo wa Kongwa kama sisi, na maisha yake yote alifanya kazi ya mapokezi na usafi katika ofisi za serikali. Ameshapokea wageni wa kila aina. Kwake yeye mgeni wa serikali alikuwa na maana tatu: mawe yapakwe chokaa, njia ifagiliwe, na soda ziwe za baridi. Aliponiita alikuwa anasema "mchumba wangu," kama babu yeyote, na mimi nilikuwa namwambia mahari haijafika.

Jumanne moja alituita wote uwanjani.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa," tukaitikia, hata wasio Wagogo.

"Wanangu, wakaguzi wanakuja Alhamisi. Mgeni hapokelewi kwenye vumbi. Tuna siku moja na nusu."

Yule mama wa Busi akanyoosha mkono. "Mzee, si wanakuja kuangalia ubaya?"

"Ubaya watauona wenyewe, wamesomea. Sisi kazi yetu ni heshima."

"Mimi naona tungeuacha tu."

"Kwenu Kondoa mgeni mnampokea na nyumba imenuna?"

"Kwetu mgeni tunampa asali. Hatumpakii ukuta."

Watu wakacheka, na ukishacheka huko kwetu umeshakubali. Ndoo zikatoka. Chokaa ikakorogwa kwenye pipa. Na hapa siwezi kumsukumia mzee lawama zote, kwa sababu nilikuwa na furaha kuliko wote. Ilikuwa kama sikukuu. Kuna aliyeweka muziki dirishani, watoto wanapaka mawe na kupakana wao kwa wao, wanaume wameazima ngazi ya mbao. Walikwangua ukungu kwenye mabamba kwa mchanga na magunzi ya mahindi, vumbi jeupe likatuingia puani, tukapiga chafya, tukacheka.

Upande wa magharibi niliuomba mimi. Wale wanaume walishusha utepe kidogo wakanipitisha. Nilichanganya saruji nyeupe, nikaziba nyufa zote, moja baada ya nyingine, kwa kisu cha mezani. Pale bamba lilipoanguka tulipigilia ubao bapa wa kabati, nikaupaka pia. Niliporudi nyuma kuangalia, huwezi kujua. Nilijiona fundi. Nilijisemea kimoyomoyo, mama akirudi ataona mahali pake panang'aa.

Mama alirudi na kikapu, akaangalia ukuta muda mrefu.

"Umeupaka wewe?"

"Mimi."

"Pazuri," akasema. Alikuwa amechoka. Sikumwangalia usoni vya kutosha.

Wakaguzi walikuwa vijana wawili, wamevaa viatu vizuri. Walipiga picha kutoka chini, wakajaza kwenye tableti, wakanywa soda. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti la suti na kofia. Mmoja wao alisema hajawahi kuona jengo la zamani linalotunzwa kama hili, na mwenyekiti akashika kifua. Hawakukaa hata nusu saa.

Baada ya wiki tatu orodha ilibandikwa kwenye mbao za matangazo. Mwenyekiti alikuja nayo imekunjwa, akatuita tena uwanjani, akavaa miwani na kusoma kwa sauti ya msibani au harusini, hukujua ipi.

"Jengo letu: hali ya kuridhisha."

Tukapiga makofi. Kweli kabisa, tulipiga makofi. Mzee mmoja alipiga vigelegele vya kiume. Mwenyekiti akainua mkono tunyamaze, akaendelea kusoma, na sauti ikaanza kupungua kama redio inayoishiwa betri. "Hivyo litasubiri awamu ya tatu, kulingana na upatikanaji wa fedha."

Mama alikuwa amesimama nyuma, bado ana kikapu.

"Kwa hiyo mwenyekiti," akauliza, taratibu kabisa, "utepe unatoka lini?"

Mwenyekiti akavua miwani. Nilisikia mabamba yanagonga. Nilijua ni lile la kona, nililoliziba kwa mikono yangu.

Siku zile mbili tatu zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Mwenyekiti hakutoka nje. Mama wa Busi alikuwa anashuka na kupanda bila kusema "niliwaambia," na kutosema kwake kulikuwa kunasikika jengo zima. Mama aliendelea kuondoka alfajiri. Jioni moja nikiwa namkanda miguu nilimwambia, "Mama, nyufa niliziba mimi."

"Najua. Nilikuwa nimezihesabu kabla hujaziba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi." Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaweka mwingine. "Na mimi niliona pazuri. Miaka yote ile nimekaa chini ya ukuta mchafu, mwanangu. Siku moja nimeuona mweupe."

Kesho yake nilimgongea mwenyekiti. Alifungua mlango akiwa na singilendi, bila kofia, mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Shikamoo babu. Naomba tuandike barua."

"Barua ya nini, mchumba wangu?"

"Ya kusema tulipaka chokaa."

Akakaa kwenye kiti. Aliniambia hajawahi, katika utumishi wake wote, kuandika barua ya kumwambia mkubwa kwamba alimpokea vibaya kwa kumpokea vizuri. Nikamwambia mimi nitachapa, yeye aseme tu. Tukaenda mpaka steshenari, nikafungua kompyuta, akasimama nyuma yangu mikono mgongoni.

"Andika. Yah: Ombi la kukaguliwa upya."

Nikaandika.

"Tunapenda kuujulisha uongozi kuwa jengo letu, pamoja na uzuri wake..."

"Babu."

"Nini?"

"Ukisema uzuri wataliacha huko huko awamu ya tatu."

"Basi andika, pamoja na hali yake."

"Hali gani?"

Mteja wa fotokopi akaja, nikamhudumia, akaondoka. Mzee alikuwa anaangalia nje.

"Andika bovu," akasema. "Andika jengo letu ni bovu, mabamba yamelegea, moja limeanguka mahali anapokaa mama mmoja anayeuza uji, na Mungu alimwita ibadani. Nyufa zilizibwa kwa saruji kwa maagizo yangu mimi mwenyekiti. Nilifanya hivyo kwa heshima, si kwa udanganyifu."

"Niliziba mimi, babu."

"Wewe huna cheo. Andika kwa maagizo yangu."

Nilimsomea yote. Alisahihisha mahali pamoja tu: kwenye neno "bovu" akaniambia niongeze "sana." Akatia sahihi kwa kalamu ya wino aliyokuwa nayo mfukoni tangu kustaafu. Mwenye duka hakutaka hela ya karatasi.

Jibu lilikuja kabla ya mvua za kwanza. Injinia mwenyewe atakuja, Ijumaa asubuhi. Mwenyekiti akaita mkutano wa tatu, akatoa amri ambayo nadhani ilimuuma kuliko njaa.

"Ni marufuku kufagia."

"Hata ngazi?" mama wa Busi akauliza, na safari hii alikuwa anacheka waziwazi.

"Hata ngazi. Hata karanga ikianguka, iacheni."

"Mzee, utapona kweli?"

"Nitajikaza."

Ijumaa hiyo niliamka mapema, jua halijapanda sawasawa. Nilisikia fyaa, fyaa, taratibu, kutoka uwanjani. Nikachungulia. Mwenyekiti alikuwa ameinama na fagio la chelewa, anafagia mbele ya mlango wake, anaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Babu."

Akasimama, akaficha fagio nyuma ya mgongo. "Nilikuwa naokota tu."

Nilishuka, nikamnyang'anya lile fagio kwa upole, nikakaa naye ngazini mpaka injinia alipofika. Kila upepo ulipoleta jani mbele yetu alilitazama, akageuza uso.

Injinia alikuwa mwanamke, makamo ya mama, amevaa kofia ngumu na sketi ndefu. Alimwamkia mwenyekiti, akaomba aonyeshwe ukuta wa magharibi. Hakupiga picha kutoka chini. Aligonga bamba moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga la pili. Kila lilipotoa sauti ya uwazi alikuwa anaweka alama kwa chaki. Alipofika kwenye kazi yangu ya saruji nyeupe alisimama.

"Huyu fundi ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Umeziba vizuri." Akaniangalia. "Mlikwangua kwanza?"

"Tulikwangua. Kwa mchanga."

Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele za watu. Halafu akatuita wote, watoto kwa wakubwa, akatueleza yale mabamba yana nini ndani. Alisema yakikaa yametulia yana afadhali, ila ukiyakata, ukiyatoboa, ukiyakwangua, vumbi lake linaingia kifuani na halitoki, na madhara yanaweza kuchukua miaka mingi kuonekana. Hakutufokea. Alisema, "Kuanzia leo asiyaguse mtu, hata kwa nia nzuri." Nilimwona mwenyekiti akivua kofia. Mimi nilijigusa kifua, halafu nikawaangalia wale watoto waliokuwa wanapakana chokaa. Mpaka leo nikipata mafua huwa naikumbuka siku ile ya muziki dirishani, na ninaikumbuka kwa furaha na kwa woga, vyote pamoja.

Kisha injinia akauliza, "Mama wa uji yuko?"

Mama alikuwa amechelewa kwenda stendi kwa makusudi. Alisogea mbele na kikapu chake. Mama yangu si mtu wa kujieleza mbele za wakubwa, lakini siku ile aliinua mkono akaonyesha.

"Lilitoka pale. Likafikia hapa. Mimi huwa nakaa hapa."

"Na sasa unauzia wapi?"

"Natembea nao."

Injinia aliangalia miguu ya mama, iliyojaa juu ya kandambili. Akaandika. Hakuahidi kitu. Alipoondoka alinunua kikombe kimoja cha uji kutoka kwenye chupa, akanywa amesimama, na mama akamwambia uji haunywewi hivyo, akakaa.

Tuliingizwa awamu ya kwanza.

Mafundi walikuja baada ya mvua kukatika. Walivaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima, na barakoa, na miwani, mpaka watoto wakawaita watu wa mwezini. Tulitakiwa kuondoka jengoni kila asubuhi na kufunga madirisha, tukawa tunakaa ng'ambo ya barabara kwenye mikeka, tunaangalia nyumba yetu ikivuliwa. Hawakuvunja kipande. Walifungua, wakashusha, wakafunga kila bamba kwenye nailoni nene kama wanavyofunga kitu kinachosafirishwa mbali.

Nilidhani nitafurahi tu. Lakini lilishuka bamba la chini ya dirisha letu, mahali ambapo bamba lenyewe ndilo lililokuwa ukuta, na kwa ndani, upande unaotazama sebule, palikuwa na nyumba niliyoichora kwa mkaa nikiwa darasa la pili. Ghorofa tano, na mama amesimama mlangoni, mkubwa kuliko mlango. Mama hakuwahi kuifuta. Alikuwa ameifunika kwa kabati, isifutike. Niliiona ndani ya nailoni, inapandishwa kwenye lori, na nikalia mbele za watu.

"Unalilia sumu?" mama wa Busi akaniuliza.

"Ndiyo."

"Haya, lia." Akanisogezea mkeka.

Ukuta mpya una rangi ya chai ya maziwa. Mabamba yake hayana asbesto, hayashiki moto, na yamefungwa kwa skrubu ambazo upepo haujazizoea. Ni ukuta mzuri. Kimya chake kilinisumbua wiki nzima. Mwenyekiti alikuwa anaupitia kila asubuhi mikono mgongoni, haugusi, anaukagua tu, na mara moja nilimsikia akiusalimia.

Utepe ulitolewa Jumamosi. Mama alikuwa Kongwa, ameenda kumsaidia dada yake kung'oa karanga. Yule yule ofisa kijana ndiye aliyekuja. Akachora mstari ardhini kwa kisigino, akasema jiko likae hatua tatu kutoka ukutani, si kama zamani, mengine ruksa. Nilimpigia mama simu papo hapo.

"Wametoa utepe."

"Wote?"

"Wote, mama. Ameukunja ameondoka nao."

Nilisikia upande wa pili watu wanaongea Kigogo, na kuku.

"Nakuja Jumatatu kwa gari la kwanza," mama akasema. "Mtu asikae pale."

"Hakai mtu. Nikuwashie jiko ukute tayari?"

"Jiko langu liache. Uji wako una mabonge."

"Nimejirekebisha."

"Utajirekebishia kwa mumeo. Jiko liache."

Nikaliacha. Jumatatu nilishuka kabla ya kwenda kazini, jengo zima bado limelala. Upande wa magharibi, mafundi walikuwa wamepachimba na kupakanyaga miezi ile yote, udongo umekuwa laini kama unga, ukipiga hatua unatimka mpaka magotini. Nilihesabu hatua tatu kutoka ukutani, halafu nikahesabu tena. Nilipanda kuchukua ndoo ya maji. Nikachota kwa kiganja, nikanyunyiza pale mama atakapokaa, kidogo kidogo, mpaka vumbi likalala.